Abiria Wangu na Vipande Vyao vya Ubongo

Walipokuja Same wale wanafunzi wa chuo kikuu, nilikuwa na pikipiki moja nyekundu na ndoto nyingi kuliko mafuta yaliyokuwa kwenye tenki. Kijiwe chetu kilikuwa mbele ya gesti waliyofikia, karibu na stendi, mahali ambapo upepo unakupiga vumbi kutwa nzima na jioni unakohoa rangi ya barabara. Walikuwa na gari moja tu la chuo, wakiligombania kila asubuhi. Aliyelikosa alipanda kwangu. Mwenye gesti ndiye aliyenipendekeza. Aliwaambia nimezaliwa kule juu Bombo, kona za mlima nazijua zote, naongea Chasu, Kipare cha mama yangu, na Kimaasai cha kuombea maji.

Niliambiwa wote wanasoma kitu kimoja, elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu, wengine uzamili, wengine uzamivu. Mimi niliishia kidato cha nne, kwa matokeo ambayo mama hayataji mbele ya wageni. Nilidhani ubongo ni kitu kimoja tu, kama ini, na kwamba hawa wote wanasoma daftari moja. Haikuchukua muda nikaona wameugawana kama ndugu wanavyogawana shamba la urithi. Kila mmoja ana tuta lake, na mpaka anaujua.

Wa kwanza niliyempakia alikuwa kijana mrefu aliyekuwa akienda Kisiwani kwa wafugaji. Kipande chake kilikuwa njia. Alitaka kujua mtu anayechunga ng'ombe porini anabebaje ramani kichwani. Anatoka na mchungaji, wanakata kushoto, wanakata kulia, wanazunguka vichaka, halafu anamwomba anyooshe mkono upande lilipo boma lake, naye anapima kwa dira. Vijana wa pale walimwonea huruma. Waliniuliza pembeni kama huko chuoni watu wanapotea mara nyingi kiasi hicho.

Dada mmoja kipande chake kilikuwa usingizi. Nilikuwa nampeleka Makanya, anawavisha madereva wa malori na wachimbaji wa jasi vitu kama saa za mkononi, vinavyohifadhi habari za mtu amelala vipi. Yeye mwenyewe alikuwa anasinzia mgongoni kwangu njia nzima, hadi naendesha kwa mkono mmoja na mwingine nimemshika asidondoke. Kaka wa kumbukumbu alikuwa na wazee wa Bombo. Anawaonyesha picha za mbuzi, jembe, kanisa, wanazungumza habari za mvua kidogo, kisha anawauliza aliwaonyesha nini. Wazee walimpenda kwa sababu anasikiliza. Wakawa wanamfungia tangawizi, na mkoba wake wa vipimo ukanukia chai mpaka Same. Kulikuwa na mwingine aliyefuata nguruwe wa watu, akichukua damu na kuiweka kwenye kisanduku cha barafu, kwa sababu kuna minyoo ya nguruwe inayoweza kupanda hadi kichwani mwa mtu. Huyo tangu aniambie hivyo sijala kitimoto bila kuiangalia kwa makini. Na kulikuwa na mmoja ambaye hakupanda pikipiki hata siku moja. Alikaa gesti na kompyuta yake, akitengeneza ubongo kwa hesabu tupu. Nilikuwa namletea chipsi mayai. Siku moja nilimuuliza kama huo ubongo wake wa hesabu huwa unasikia njaa, akasogeza kompyuta pembeni, akasema swali langu si baya.

Nilitembea juujuu wiki nzima kwa lile neno. Swali langu si baya. Nikaanza kuota na mimi nina kipande changu. Nikiwa kijiweni nasubiri abiria nilijichagulia: nitasoma kwa nini moyo unadunda wakati mtu amekaa tu na hakuna kinachomfukuza. Wenzangu wa kijiwe wakaniita Profesa, na mwingine akaongeza kwamba profesa wa kwanza duniani mwenye deni la tairi.

Lakini sikuwa nauliza maswali kwa ndoto peke yake. Nilikuwa na jambo.

Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la tatu. Mtoto mwepesi, mcheshi, anayeimba huku anafagia. Ila alikuwa na kitu chake ambacho hatukuwa na jina la kukiita. Anakuwa anakusimulia habari ya shule, katikati ya neno ananyamaza. Macho wazi, yanaangalia mahali ambapo hapana kitu, kope zinacheza kidogo. Ukimwita hasikii. Halafu anarudi, anaendelea, au anauliza tulikuwa tunasema nini. Ni muda mfupi, wa mtu kupiga miayo na kuimaliza. Mwalimu wake alimwita mama shuleni akamwambia mtoto analala huku macho yako wazi, na kwa mwendo huo atakariri darasa. Mama akachukulia ni uvivu. Akawa anamfinya sikio. Mtoto akawa analia kwa kosa asilolijua, kwa sababu kweli halijui, hakuwepo lilipotendeka.

Mimi sikuogopa darasa. Niliogopa moto.

Jikoni kwetu ni mafiga na kuni, na kule juu kuni zina unyevu karibu mwaka mzima. Kazi ya kupuliza moto ni ya mtoto. Jumapili moja nilikuwa nyumbani, makande yako mafigani, naye amepiga magoti anapuliza. Mimi nilikuwa mlangoni naondoa matope kwenye buti. Nikaona mgongo wake umetulia. Kuni zikawaka, na mkono wake uko palepale, sweta la shule linaanza kutoa moshi kwenye kiwiko, na yeye anautazama moto kama mtu anayetazama picha ukutani. Nilimvuta kwa nguvu tukaanguka wote nyuma.

"Kaka, mbona umeniangusha?" akaniuliza.

Mama alilishona lile sweta kiraka, na habari ya kiwiko haikuzungumzwa tena. Ila tangu siku hiyo kila nikiwa barabarani na abiria, nikifika kona ambayo unaona moshi wa jikoni za watu mlimani, nawaza ni nani anayepuliza kwetu.

Ndiyo nikaanza kuwauliza abiria wangu, mmoja mmoja, kwa ujanja. Nilitaka sana mdogo wangu awe wa dada wa usingizi. Ule ulikuwa mlango mzuri, maana kila mtu analala. Tukiwa tunatoka Makanya nikamweleza. Akaniuliza huyo mtoto usiku analala vizuri, nikasema analala kama gunia. Akafikiri, akasema basi hilo si la kwake. Nikamjaribu kaka wa kumbukumbu. Akasema yeye anashughulika na wazee, na mtoto anayesahau jambo alilolikosa hajalisahau, hakulipata tangu mwanzo. Hilo nililizungusha kichwani mpaka Kisiwani. Yule wa njia alisema labda masikio. Wa nguruwe akauliza kama tunafuga, nikasema jirani ndiye anafuga, akasema watoto wadogo mara nyingi ni jambo jingine. Wa hesabu alimeza chipsi kwanza, kisha akasema, "Kuna mtu hapa anahusika na hilo. Unamjua. Unampakia kila siku."

Nilijua anamsema nani. Nilikuwa nazunguka nyumba nzima ili nisigonge mlango huo.

Tulimwita dada wa kofia. Alikuwa na sanduku jeusi ambalo hakukubali lifungwe nyuma ya pikipiki, alilipakata kati yake na mgongo wangu, na ndani yake kulikuwa na kofia ya kitambaa yenye nyaya nyingi za rangi. Anamvika mtoto, nyaya zinaingia kwenye kifaa, na umeme mdogo wa kichwani unachorwa kwenye kompyuta kama mistari. Alikuwa mwepesi wa kucheka, msichana wa mjini lakini anayesalimia kila mtu njiani shikamoo hata wasiostahili. Nilimpenda kuliko wote, na ndiye pekee ambaye sikumuuliza kitu. Kipande chake kilikuwa kifafa cha watoto.

Kwetu neno hilo ni zito. Kulikuwa na mtu kijijini tangu mimi mdogo, fundi mzuri wa kuchana mbao, aliyekuwa akianguka. Akianguka watu wanasogea, wanasubiri povu likauke, hawamgusi, wanaamini linaambukiza. Kwenye kazi za pamoja alikuwa na kikombe chake mwenyewe, cha bati, kinachoning'inia kwenye msumari nje ya ukuta wa ghala la kijiji, kando ya bwawa. Hakuna aliyewahi kusema neno. Kikombe kilikuwa pale tu, kwenye msumari, mvua inakinyeshea, na kila mtoto wa kijiji alijua asikiguse. Alipofariki kikombe kilibaki hapo muda mrefu. Nilikuwa nikifikiria mdogo wangu, sioni ugonjwa. Naona msumari.

Na zaidi ya hayo, mdogo wangu hakuwa anaanguka. Nilijishikiza hapo. Kifafa ni kuanguka, yeye haanguki, kwa hiyo si kifafa. Nilijiambia hivyo nikipanda mlima na nikishuka.

Siku niliyomwuliza ilikuwa asubuhi ya ukungu, tunapanda kutoka bondeni kwenda Bombo. Gia ya kwanza, barabara haionekani zaidi ya tairi la mbele. Labda ni kwa sababu sikuuona uso wake, wala yeye wangu. Nikamwambia kuna mtoto wa jirani yetu ana tatizo la kuzubaa. Nikaeleza yote, kope, neno linalokatika, mpaka kupuliza moto.

"Huyo mtoto wa jirani," akasema nyuma yangu, "akirudi huwa anakuuliza wewe mlikuwa mnasema nini?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikasikia nilichosema.

Hakunicheka. Aliniomba nisimamishe pikipiki pembeni. Tukasimama penye mgomba, maji yanadondoka kwenye majani, akaniambia kuna kifafa kisichoangusha mtu. Mtoto anakatika kidogo kama redio inayopoteza stesheni, halafu anarudi. Hawezi kusema ndicho mpaka apime, na hata akipima, yeye ni mwanafunzi, anayetoa jibu ni daktari. Nikamwomba kama lipo neno jingine la kutumia. La Kizungu, refu, ambalo kijijini hawatalielewa.

"Lipo," akasema. "Nitakuandikia ukitaka. Lakini mama yako akiniuliza maana yake, kaka, sitamdanganya."

Akaongeza kwamba hampimi mtoto yeyote bila mzazi kukubali mwenyewe, na kwamba ana siku chache tu. Ijumaa timu inashuka, Jumamosi inaondoka Same.

Nilizungumza na mama siku hiyohiyo. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, nami nimechuchumaa mbele yake kama ninayeposa. Nilipolitaja lile neno mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea, haraka kuliko mwanzo. Alichambua mpaka akaanza kutupa maharage mazima. Nikamweleza kwamba kofia haiumizi, haipeleki umeme ndani, inasikiliza tu.

"Wakishamvika hiyo kofia mbele za watu," akasema, "nani ataivua, baba?"

Nikamwambia kuhusu msumari, kwamba na mimi nauona. Nikamwambia na sweta nililiona likitoa moshi. Mama akanyanyuka akaenda jikoni. Alirudi na lile sweta, akawa anakiangalia kile kiraka alichokishona mwenyewe, anakipitisha kidole. Akaniuliza wanapimia wapi. Nikasema chumba cha nyuma cha zahanati, mlango unafungwa. Akasema basi Ijumaa, mapema, kabla kina mama wa kliniki hawajajaa.

Maelekezo nilimpa yote. Mtoto asilale sana usiku. Aoge kichwa kwa sabuni, na asipakwe mafuta hata tone, maana nyaya hazishiki kwenye mafuta. Mama akasema amesikia.

Ijumaa asubuhi nilitangulia na dada wa kofia. Alikuwa amelowa manyunyu tangu bondeni na bado anatania kwamba sanduku lake limevaa koti zuri kuliko yeye. Alitandaza vitu vyake mezani. Nje mawingu yalikuwa yanashuka, na dereva wa gari la chuo, aliyepanda kuchukua vifaa vyote, alishasema mvua ikikaza hasubiri mtu, ile barabara ikilowa haina huruma. Mama akaingia. Nyuma yake mdogo wangu, gauni la kanisani, soksi nyeupe. Na kichwa kinang'aa. Kilikuwa kimepakwa mafuta mpaka kwenye shingo, mafuta ya mgando yaliyolainishwa kwa nazi, yale ya Krismasi, kila unywele umelala na unametameta. Harufu ilijaa chumba.

Dada wa kofia aliangalia kile kichwa, akamwangalia mama, akasema shikamoo mama.

"Marahaba," mama akasema. Kisha akaniona uso. "Nilimwosha kama ulivyosema. Lakini ningemtoaje nyumbani mkavu? Aje kwa wageni amepauka kama mtoto asiye na mtu?"

Na kweli, nikimfikiria mama yeyote wa kule kwetu, sijui ni yupi angeweza. Mtoto anayepelekwa kwa watu anapakwa mafuta. Anayepelekwa kwenye jambo la kuogopwa anapakwa zaidi. Alikuwa amemvalisha kinga pekee aliyokuwa nayo.

Tukaanza kumwosha. Maji ya bomba la zahanati yalikuwa baridi ya kuuma, ikabidi niombe maji ya moto kwa nesi, nesi akawa anachemsha vifaa vyake, tusubiri. Sabuni ya kipande haikuondoa kitu. Tukatumia ya kuoshea vyombo. Dada wa kofia alikunja mikono akasugua mwenyewe, mama akimwagia kwa jagi na kumwomba msamaha kila anapomwaga, mtoto akilalamika povu limeingia jichoni. Akavikwa kofia. Mistari ilitoka kwenye kompyuta ikicheza ovyo, minene, imechafuka, akasema bado, ni mafuta. Tukarudi kuosha. Matone yakaanza kupiga bati. Dereva akachungulia mlangoni, akaangalia angani, akaondoka, na mimi nilikuwa natembea kutoka dirishani hadi mlangoni mpaka dada wa kofia akaniambia nikae kwa sababu nyayo zangu zinaonekana kwenye kipimo. Sijui kama ni kweli au alinituliza. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Safari ya tatu mistari ikawa myembamba, inatetemeka taratibu kama maji ya ndiva, bwawa letu dogo, wakati wa asubuhi. Akasema vizuri. Tukakaa tunaitazama. Mtoto alikuwa mzima kabisa, anauliza waya wa kijani unasikia nini na wa njano unasikia nini. Hakuna kilichotokea. Hivi ndivyo nilivyo, nilikuwa naomba mdogo wangu asiwe na ugonjwa, na palepale naomba aupate sasa hivi, kabla mvua haijakaza.

Dada wa kofia akampa pangaboi dogo la karatasi kwenye kijiti, akamwambia apulize lizunguke, apulize bila kuacha, na mimi akaninong'oneza kwamba kupuliza sana huweza kuleta kule kukatika. Mtoto akapuliza kidogo, kwa adabu, midomo imebana. Mbele ya wageni msichana hajazi mashavu. Mama akamwambia apulize, akapuliza kwa adabu zaidi.

Nikachuchumaa mbele yake. "Makande hayajachemka," nikamwambia kwa Chasu. "Kuni mbichi. Baba mdogo yuko njiani na njaa yake."

Akacheka, akajaza mashavu. Akapuliza kama anavyopuliza nyumbani, mabega yakipanda na kushuka, pangaboi likivuma. Akapuliza, akapuliza. Kisha pangaboi likapunguza mwendo, likasimama, na macho yake yakaenda mahali pale ambapo hapana kitu.

Kwenye kompyuta mistari yote iliruka pamoja. Haikuwa fujo ile ya mafuta. Ilikuwa imepangika, kilele na bonde, kilele na bonde, yote inafanana, kwenye kila mstari kwa wakati mmoja, kama milima yetu imechorwa na mtu anayejua mlima mmoja tu. Dada wa kofia alimwambia jina la tunda, polepole. Kisha mistari ikalala, kope zikapiga, na mdogo wangu akaendelea kupuliza.

"Nimekuambia tunda gani?" dada wa kofia akamuuliza.

"Hujaniambia tunda," mtoto akasema.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya kompyuta na jagi mkononi. Alinyoosha kidole karibu na kioo, bila kukigusa, akafuata vile vilele kuanzia vilipoanza hadi vilipoishia.

"Kwa hiyo hapa," akasema, "hapa hakuwepo."

"Hakuwepo, mama."

"Na mimi ndiyo nilikuwa namfinya hapa."

Dada wa kofia alikivua kile kitambaa kichwani mwa mtoto taratibu, waya baada ya waya, na mama akachukua khanga yake akaanza kumkausha nywele, anakausha hata palipokwisha kukauka. Ndipo akauliza kama ndicho kile. Dada wa kofia akasema yeye hawezi kutamka, atampelekea daktari anayewasimamia, na sisi twende hospitali Same bila kuchelewa. Lakini alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba kama ni hicho anachodhani, kinatibika, na haliambukizi jambo hili, si kwa mate, si kwa kikombe. Sijui alijuaje kuhusu kikombe. Labda kila kijiji alichopita kina msumari wake.

Gari lilimsubiri, dereva akinuna. Waliteremka mvua imeshakaza, nami nilibaki juu, nikisikiliza injini ikipungua kona kwa kona, naogopa kila inaponyamaza.

Jumatatu niliwapakia mama na mdogo wangu mpaka Same. Daktari alikuwa ameshapata mistari yake. Akalitaja neno, mama hakutikisika, akauliza dawa zinanywewa kabla ya kula au baada. Wiki zilizofuata ndizo nilizoishi vibaya kuliko zote. Daktari alisema dawa inaanza kidogo, inaongezwa, tusiikatishe. Mtoto akawa mchovu, hataki uji, akapata siku mbili tatu nzuri, akakatika tena mbele yangu akiwa ameshika kata ya maji. Jikoni hakuruhusiwa. Mama alipuliza moto mwenyewe. Nilimpigia dada wa kofia simu kumuuliza kama dawa imeshindwa, yuko chuoni kwao, nyuma yake nasikia wenzake wanabishana kuhusu mambo ya panya. Aliniambia hilo swali nimpelekee daktari, lakini alikaa kwenye simu. Nikamuuliza, ili nisilie, mtu akitaka kusoma kipande kama chake anaanzia wapi. Akasema naanzia kurudia mtihani wa baolojia. Nikasema hicho ni kipande kigumu.

Kukatika kukapungua. Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe, amesimama uani anageuza kofia yake mkononi, akasema atamkalisha mbele. Na kwa sababu mwalimu alijua, kijiji kilijua.

Halafu ukafika msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kuzibua ndiva yetu, lile bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji kabla ya kupangiana zamu za mashamba. Wanaume tuko kwenye tope, kina mama wanaleta uji kwenye ndoo, na kikombe kinapita mkono kwa mkono, ndiyo ilivyo siku zote. Mdogo wangu alikuwa amekuja na mama. Nikiwa na koleo kwenye tope hadi magotini nilimwona mama anachota uji anampa. Kikombe kilekile cha watu wote. Mtoto akanywa nusu. Maongezi ya pale kwenye ndoo yalipungua, kama watu wanavyopunguza sauti wakisikia gari. Mimi jicho langu lilikwenda lenyewe kwenye ukuta wa ghala. Kikombe cha marehemu hakikuwepo tena, lakini msumari ulikuwepo.

Mama akakipokea kikombe kwa mtoto. Hakukisuuza. Akanywa pale pale alipoweka mdomo mtoto, akanywa taratibu, akabakiza. Kisha akamnyooshea jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno, mwenye nguruwe.

Jirani alikishika. Alikiangalia ndani, akamwangalia mama, akamwangalia mtoto aliyekuwa ameshaondoka kufuata vyura kwenye ukingo. Nilikuwa nimeacha kuchimba. Koleo lilikuwa linazama lenyewe, nami kile kipande changu, kile cha moyo kudunda bila kufukuzwa, nilikuwa nakisoma chote pale.

Akanywa. Akakunja uso.

"Huu uji hauna sukari," akamwambia mama. "Mnabana sukari mpaka msaragambo? Ndiyo maana wanatucheka huko Same."

Mama akasema anayetaka sukari aje na yake. Mtu akacheka, kikombe kikachotwa tena, kikaenda kwa mwingine, na mwingine. Baba mdogo akanipigia kelele kutoka upande wa pili kwamba Profesa amelala kwenye tope. Nikalivuta koleo. Nikaendelea kuchimba, nikiangalia mfereji, nikiangalia ukingo, kama mdogo wangu bado yuko, na bado alikuwepo, amechuchumaa, anasema na vyura.